Mtoto Uliyemwokota

Baba Dogo, Nairobi
Jumapili, 19 Julai 1998

Mpendwa wangu Kavutha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa mkono huu ambao umekuandikia mara nyingi bila taabu lakini leo unasitasita. U hali gani huko Kyuso? Kifua chako kinaendeleaje na lile vumbi, na yale majani uliyosema unajifukiza yamekusaidia au yamekuongezea kikohozi tu? Mzee Ndete, baba yako, goti lake likoje? Na mama je, bado anasuka viondo vyake ameegemea ukuta kwa sababu ya mgongo? Nawasalimu wote, mkubwa kwa mdogo. Wasalimie pia watoto wako wa darasa la sita, ambao naambiwa siku hizi wananijua kwa jina ingawa hawajaniona.

Kwetu huku zile mvua kubwa zilikwisha, matope yakakauka, na barabara ya kwenda viwandani imebaki mashimo matupu. Zedekiah anakwenda kazini na kurudi. Mimi naamka, napika, nalala. Kuhusu afya zetu nisiseme mengi kwa sasa, nitafika huko.

Barua yako niliipata salama. Umeniandikia kwamba shule zikifungwa Agosti utapanda basi uje hapa Baba Dogo umchukue Owiti akae nawe likizo nzima, kwamba umekwisha kumtengenezea kitanda karibu na dirisha, na kwamba hutaki kusikia visingizio vyangu tena. Ni hilo ninalopaswa kukujibu, Kavutha. Nitalijibu katika barua hii hii, nimeapa. Ila nivumilie nianze na mambo yetu mengine kwanza, kwa utaratibu tuliouzoea, maana nikianza na hilo sitaendelea.

Wakati ulipoondoka kwenda chuo cha ualimu tulikubaliana kwamba kila barua ibebe vitu vitatu: kitabu tunachosoma, kipande cha tunachoandika, na habari za nyumbani. Sharti uliliweka wewe mwenyewe. Ulisema kwenye hadithi mtu atie chumvi apendavyo, lakini kwenye habari za nyumbani chumvi ni marufuku, kwa sababu aliye mbali hana njia ya kuonja akajua. Nilikubali huku nikicheka. Basi nianze na kitabu.

Wehliye bado anatandaza vitabu vyake juu ya gunia kule Gikomba, nyuma ya wauza viatu, na bado vingi havina majalada. Amezeeka haraka. Aliniuliza yule mwenzangu mrefu aliyekuwa akimsumbua yuko wapi, nikamwambia siku hizi anasumbua watoto wa shule. Akanichagulia kitabu cha mwanamke mmoja, dobi wa hoteli katika mji wenye theluji, ambaye kila akikuta kitu mfukoni mwa nguo za wageni hukitungia maisha ya mwenyewe. Ungekipenda. Kuna mahali anakuta tiketi ya treni iliyolowa, anakaa chini na kumlilia mtu asiyemjua hata kwa sura. Zamani ningekunakilia ukurasa mzima. Sasa nimekwama hapo hapo tangu Mei. Nausoma ukurasa, nafika chini, naona sikusoma kitu, narudi juu. Kusoma kumenishinda, Kavutha, na wewe unajua hilo kwangu ni sawa na kusema chakula kimenishinda.

Vitabu vinanirudisha tu kwenye kile cha kwanza, ulichokitupa jaani. Naomba nikisimulie kisa chote ingawa unakijua, kwa sababu leo nakihitaji.

Siku ile hatukuwa tunajuana. Ulikuwa umehamia ploti yetu ya vyumba vya kupanga juma lile lile, karani mgeni wa kiwanda cha sabuni, na mimi nilikuwa nimefungiwa ndani na mama mkwe tangu nijifungue. Unajua nilikuwa nimezika watoto wawili kabla ya huyo, wote hawakumaliza mwezi. Mama mkwe akaja kutoka Ugenya na desturi ya kwao mkobani: mtoto huyu atupwe njiani, aokotwe na mtu mwingine, ili kifo kikija kumtafuta kiambiwe kwamba mtoto si wa nyumba hii, ni wa kuokotwa. Zedekiah alinuna, akasema yeye ni mzee wa kanisa. Mama yake akamwambia mzee wa kanisa atoke nje akaombe. Alipangwa shangazi mmoja wa Kaloleni apite saa ile, amwokote. Shangazi akachelewa. Ukapita wewe, unatoka kazini, unasoma huku unatembea, ukakuta mtoto mchanga ndani ya ungo kando ya taka.

Hukuuliza. Ulitupa kitabu ukaokota mtoto, ukashika njia kuelekea kituo cha polisi. Mama mkwe, na kiuno chake kile kibovu, alikukimbiza hadi karibu na lango la kiwanda akikupigia kelele kwa Kijaluo usichokijua, na wewe ukazidi kukaza mwendo ukidhani ndiye aliyemtupa. Tumekicheka kisa hicho miaka yote. Lakini kumbuka alichosema alipopata pumzi. Alisema mambo yamekuwa mazuri kuliko tulivyoyapanga, kwa sababu shangazi angekuwa anaigiza, na wewe hukuigiza. "Huyu sasa ni mtoto wa Mkamba," alisema. "Kifo kikija hapa hakitakuta mtu wa kwetu." Ukapewa kuku wako kama desturi inavyotaka, ukanirudishia mtoto nimlee kwa niaba yako, naye akaitwa Owiti, aliyetupwa. Jioni mimi nikatuma kikaletwe kile kitabu chako, nikakisoma chote huku nanyonyesha.

Kilikuwa kile cha mchukuzi wa barua na binti yake mgonjwa, ambacho kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Ukaandika mwisho wako, nami nikaandika wangu, tukabadilishana. Ndivyo tulivyoanza wazimu huu wa kuandika, wanawake wawili wa ploti moja, majirani wakituona tumeinama wakidhani tunajaza karatasi za bahati nasibu. Katika mwisho wako binti alipona, akatumwa dukani kununua sukari. Katika wangu alikufa. Nilikucheka, nikakwambia huna moyo wa uandishi, unawahurumia watu mno. Ukanijibu kwamba mimi nawaua kwa sababu sijui la kufanya nao wakiwa hai. Neno hilo liliniuma, na sikukwambia.

Sasa kipande changu. Jimale unamjua, mchuuzi wa mbuzi wa Kiamaiko, ambaye nimekuwa nikimburuta katika kurasa zangu miaka mitatu sasa. Mwanzo wa mwaka nilikutumia aya hii, na nilijivunia:

"Jimale aliingia Kiamaiko jua likichomoza, na vumbi la soko likainuka kumlaki kama raia wamlakivyo sultani, na machoni mwake mlikuwa na huzuni ya jangwa zima."

Ulinijibu kwamba hujawahi kuona huzuni ya jangwa zima na hungeitambua mkikutana nayo njiani. Ulisema Jimale huyu hajawahi kuumwa na jino, wala kukanyaga kinyesi cha mbuzi wake mwenyewe. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikasoma mstari wako wa mwisho. Uliandika: "Mbona ukiniandikia habari za mwanangu huandiki hivi? Mwandike Jimale jinsi unavyomwandika Owiti." Barua hiyo niliipata Aprili. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na kwa siku kadhaa sikuweza kulala upande ule.

Lakini nilikutii. Nilianza upya, bila sultani wala jangwa. Nilichopata ni hiki, na ndicho kipya nilicho nacho:

"Jimale alimfunga yule beberu mweupe kwenye nguzo, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kamba ilikuwa palepale, fundo halijafunguliwa, beberu hayupo. Alizunguka soko lote. Mwishowe akaifungua kamba akaishika mkononi, akaelekea nyumbani akiikokota. Kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu kwamba anampeleka beberu nyumbani. Watu waliitazama kamba, wakamtazama yeye, wakampisha."

Hapo nimekwama. Najua anakaribia mlangoni kwake, najua mke wake amesimama nje, na sijui atamwambia nini. Nimeandika mlango huo mara nyingi na kila mara Jimale anasimama nje kabisa ya nyumba, na kamba yake. Ukiwa na shauri, nipe.

Nimebakiza habari za nyumbani.

Kati ya yote niliyokuandikia mwaka huu, ulisema kipande bora ni kile cha mwezi wa Mei, cha Owiti na mwalimu wake. Ulisema umekisoma darasani kama mfano wa insha, watoto wakacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani, na kwamba sasa wanataka kumwona kijana huyo kwa macho. Nakinakili hapa:

"Mwalimu aliwauliza baba zao wanafanya kazi gani. Mmoja akasema dereva, mwingine akasema askari. Owiti akasimama akasema baba yake ndiye mwenye rangi zote za Nairobi, na mtu akitaka nyumba yake iwe ya buluu ni lazima kwanza amwombe baba yake ruhusa. Mwalimu akamwambia akae. Alikaa, lakini alipofika nyumbani aligoma kula mpaka Zedekiah athibitishe kwamba ni kweli. Zedekiah, ambaye ni karani wa stoo tu pale kiwanda cha rangi, alifikiri kidogo, akasema ni kweli isipokuwa nyeusi, hiyo ina mwenyewe. Owiti akala."

Kavutha, huyo mwalimu hayupo. Darasa hilo halipo. Hicho ulichowasomea watoto wako ni hadithi niliyoitunga mezani hapa, na kila neno nililokuandikia juu ya Owiti mwaka huu ni la kutunga. Owiti alifariki Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Tulimzika Ugenya.

Nimekwisha kuliandika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi, na bado liko hapo kwenye karatasi.

Ilikuwa katika zile mvua. Ijumaa alishinda akicheza, jioni akashikwa na homa, usiku shingo ikakakamaa. Kulipopambazuka Zedekiah alimbeba mgongoni, maji yakiwa magotini, nami nyuma yao na blanketi, mpaka zahanati. Daktari alikuwa hajafika, barabara zilikuwa zimefungwa na maji, na yule nesi aliyekuwepo alifanya alichoweza. Alikufa juu ya benchi, kichwa chake kwenye paja langu. Hakusema neno lolote la kukumbukwa. Katika vitabu vyetu wanaokufa husema, sivyo? Huinuka kidogo, wakasema jambo ambalo mama ataliweka moyoni. Yeye aliomba maji, akatapika, akaniambia nisimfunike uso. Ni hayo tu.

Mama mkwe hakulia kwa sauti. Watu walipoondoka kaburini alibaki ameketi chini, akasema neno moja tu la Kijaluo, ambalo kwa Kiswahili ni "Kimejua." Hakulielekeza kwa mtu yeyote. Mimi nilimsikia, na tangu siku ile neno hilo halijaniondoka.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Nimejiuliza pia, na majibu niliyojipa mwanzoni yalikuwa ya uongo. Nilijiambia kwamba madaraja yalikuwa yamesombwa na barua haingefika. Nilijiambia kwamba kifua chako hakingeweza kuhimili. Ukweli ni huu. Tuliporudi kutoka kuzika nilikuta barua yako ya Krismasi kanisani, ambako barua zetu hufikia, imechelewa kwa sababu ya mafuriko. Uliandika: "Mwanangu hajambo?" Nilikaa nikuandikie. Nikaandika "Owiti hajambo," nikikusudia kuandika la kweli katika mstari wa pili. Lakini nilipoyaona maneno hayo mawili yamekaa pale, kifua changu kilishuka kwa mara ya kwanza tangu benchi lile. Nikaongeza kwamba ameanza darasa la kwanza. Nikaongeza kwamba sweta yake ni kubwa na anaikunja mikono. Sikuweza kuacha.

Nikaanza kufikiri jambo ambalo hata sasa nalionea haya, lakini bado nusu yangu inaliamini. Owiti alikuwa wako. Mbele ya kifo tulisema hivyo, na miaka sita na ushei kifo kilitusadiki. Basi kama mwenye mtoto hajaambiwa, mtoto hajafa kamili. Sisi tuliozika tulikuwa walezi tu. Kulikuwa na mahali pamoja duniani, chumba kimoja huko Kyuso, ambako Owiti alikuwa anaendelea kung'oa meno na kukua, na mlango wa chumba hicho nilikuwa nimeushika mimi. Ungefanya nini, Kavutha? Ungeufunga?

Na nikwambie lililo baya zaidi, kwa kuwa leo naondoa yote. Kuna siku nilikuchukia. Nilifikiri kwamba kama usingeondoka Baba Dogo, kama ungeendelea kuishi mlango wa pili na kumwita "mwana wakwa," mwanangu kwa Kikamba chako, kwa sauti kila asubuhi ili kila mpita njia asikie, kifo kisingejua. Nilifikiri uliokota halafu ukaacha. Najua si haki. Ulikwenda kusoma, na mimi ndiye niliyekufungia mzigo. Lakini nilikuchukia, na siku hiyo hiyo nilikuandikia ukurasa mzima wa jinsi Owiti alivyomfundisha paka wa jirani kusimama mstarini, na uliniandikia kwamba ulilia kwa kucheka.

Jirani yetu Nabiswa alijua ninachofanya, kwa kuwa aliniazima kalamu akaona. Alinikemea, akaniambia namchezea marehemu. Nikamwambia ashike lake. Zedekiah yeye alijua mwezi wa Machi. Alikuta barua mezani haijafungwa, akaisoma akiwa amesimama. Nilingoja anipige kelele, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Aliiweka chini taratibu akauliza, "Na mimi umenitia humo?" Nikamwambia yumo kidogo. Akavuta kiti.

Tangu siku ile, Kavutha, hatujakuwa watu wazima wenye akili katika nyumba hii. Alikuwa akirudi kutoka kazini, anavua koti, ananiuliza, "Leo amefanya nini?" Nami nilikuwa nacho cha kumwambia. Kile cha rangi zote za Nairobi, ile ya nyeusi kuwa na mwenyewe ni yake. Alicheka alipoisema, cheko lake lile la zamani, nami nikaliandika upesi. Kwa miezi kadhaa ndiyo ilikuwa njia yetu pekee ya kuzungumza. Tusipomzungumzia Owiti wa kwenye barua tulikaa kama watu wawili wanaongoja kuitwa ofisini. Ulipoandika kwamba ninaandika vizuri zaidi ya zamani nilimsomea, naye akafurahi kama mzazi aliyeletewa ripoti nzuri.

Halafu barua yako ikaja, ya kumchukua Agosti. Nilimwonyesha Zedekiah nikidhani sasa tutashtuka wote wawili. Alisema tu kwamba ni vizuri, mtoto abadilishe hewa. Jumamosi iliyopita akaenda Gikomba, akarudi na viatu vya mtoto, vyeusi, imara, vya kutembelea kwenye mawe. Nilivitazama nikaona vimezidi. Nikamwambia, kwa sauti niliyojaribu kuituliza, kwamba hicho si kipimo chake. Akanijibu, "Amekua. Huoni tangu Januari?"

Hapo niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata pale zahanati. Nilidhani nimeweka mlango mmoja wazi kwa ajili yangu, kumbe mume wangu amepita hapo akaingia na simwoni akirudi. Mimi najua ninatunga. Ninajua mahali nilipotia chumvi na mahali nilipoionja. Yeye sijui kama bado anajua. Amekonda. Kazini amekwisha kuitwa mara mbili kwa kukosea hesabu za madebe, yeye ambaye hakukosea tangu aajiriwe. Na mimi siwezi kumwambia kwa mdomo. Nimejaribu. Nafungua mdomo, ananitazama kwa matumaini, na kinachotoka ni jambo jingine alilofanya Owiti.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, mwenye mtoto. Hili ndilo jibu la barua yako: Owiti hatakuja Kyuso. Kitanda ulichokitengeneza mpe mtoto mwingine, au kivunje, sijui watu hufanya nini na vitanda. Sikuombi unisamehe leo, maana sioni kwa nini ungefanya hivyo. Ulipaswa kumlilia Januari pamoja nasi, na mimi nilikupokonya msiba wako nikakupa vichekesho. Nakuomba jambo moja tu, umlilie sasa. Kwenu mtu akifiwa na mtoto hufanya nini? Lifanye hilo, lote, usipunguze. Sisi huku hatukumlilia hadi mwisho, tulimkatiza. Watoto wa darasa la sita ama uwaambie, ama uwaache naye vivyo hivyo. Wewe ndiye mwalimu, mimi sina tena la kufundisha mtu.

Na kama bado utakuja Agosti, njoo. Usiponitazama usoni nitaelewa. Kama huwezi, nitaelewa pia.

Nilikuwa nimefika hapa Zedekiah aliporudi kutoka kanisani. Ameuliza ninamwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Akaweka Biblia juu ya kabati, akasema nisisahau kukueleza kwamba Owiti sasa anaimba na watoto wa Shule ya Jumapili, safu ya mbele, na sauti yake inawafunika wengine. Nilimwambia avute kiti. Nikamsomea barua hii yote tangu salamu za mwanzo, bila kuruka mahali, hata yale ya viatu. Nilipomaliza, aliisukuma chai yake pembeni. Kisha alilia, Kavutha, kwa sauti, mpaka Nabiswa akaja mlangoni na mikono yake ina unga. Mimi pia nililia. Bado sijui kama tumepona au ndiyo kwanza tumeugua.

Sasa ametulia kidogo. Nimemwambia nafunga barua na kwamba, kama ilivyo ada, naandika wanaokusalimu. Kila mara nilimwandika yeye, nikajiandika mimi, nikamwandika Owiti na maneno yake ya ziada. Nilimuuliza niandike nani.

"Mwandikie," alisema, "kwamba wa kumsalimu ni mimi na wewe. Basi."

Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi, wako katika msiba,
Elsie